Tiketi niliyoifunga Agosti

"Kaka, hii tika-core yetu ni ya lini?"

Ilikuwa Ijumaa, Desemba 5, 2025, saa tatu na kitu asubuhi. Aliyeuliza ni dada mmoja kwenye timu yetu, bado mgeni mgeni, kaja na laptopu imefunguliwa mikononi kama mtu aliyebeba sinia anaogopa kumwaga. Mi hata sikuangalia skrini vizuri. Wiki ile kila mtu alikuwa anahangaika na lile tundu la usalama la React, maktaba ya kujengea kurasa za wavuti, lililotangazwa siku mbili kabla, na mi nilikuwa na lindi la meseji za watu wanaouliza kama sisi tupo salama. Nikamjibu tu, "Hiyo ya Tika tulishamaliza Agosti."

Akanyamaza kidogo.

"Sawa kaka. Ila hapa imeandikwa 3.2.0."

Nikaangalia. Kweli, 3.2.0.

Nimekaa na hii kitu wiki kadhaa sasa. Nimejaribu kuiandika mara mbili nikafuta, kwa sababu kila nikianza inageuka kuwa utetezi. Hii ni mara ya tatu.

## Dakika arobaini

Mfumo wetu unapokea nyaraka za watu, nyingi PDF, unatoa maandishi yaliyomo ndani ili baadaye mtu akitafuta neno alipate. Kazi ya kutoa maandishi inafanywa na Apache Tika. Kama umewahi kutengeneza mfumo wa kutafuta kwenye nyaraka unaijua, na kama hujawahi kuna uwezekano mkubwa unaitumia bila kujua maana imejificha ndani ya vitu vingi. ICIJ, ule muungano wa waandishi wa habari za uchunguzi, walipokuwa wanachambua zile nyaraka milioni 11.5 zilizovuja za Panama Papers, Tika ilikuwa moja ya zana zao. Yaani siyo kitu cha uchochoroni.

Agosti likatoka tangazo, CVE-2025-54988 (CVE ni namba rasmi ambayo tundu la usalama hupewa). Kuna tundu la XXE kwenye moduli ya Tika inayosoma PDF, mtu akikutumia PDF yenye fomu ya XFA aliyoichezea anaweza kusoma mafaili ya seva yako au kuituma seva yako ikaite anwani za ndani. Dawa ni toleo 3.2.2. Moduli imetajwa kwa jina kabisa, tika-parser-pdf-module. Basi nikafungua mradi, nikatafuta jina hilo, nikabadilisha namba, majaribio yote yakapita kijani, nikapeleka hewani, nikarudi kwenye tiketi, ile rekodi ya kazi kwenye mfumo wetu, nikaandika neno moja.

Imekwisha.

Dakika 40 zote pamoja. Nakumbuka nilijisikia vizuri, kuna raha fulani ya kufunga tiketi yenye rangi nyekundu kabla ya mchana.

Sasa kilichotokea ni hiki. Moduli ya PDF niliipandisha kweli ikawa 3.2.2, na kwa kawaida yenyewe ingekuja na tika-core, kiini ambacho moduli za Tika zinakitegemea, ya toleo hilohilo. Ila Juni, miezi miwili tu nyuma, kuna mtu alikuwa ameigandisha tika-core kwenye faili mama la mradi, kule juu, pamoja na maelezo mafupi: "usiguse, inavunja utafutaji." Na Maven, zana inayokusanya vifurushi vya mradi, ikikuta namba imegandishwa kule juu inaifuata hiyo, haigombani, haikuulizi, haipigi kelele yoyote. Kwa hiyo ikanipa moduli mpya juu ya kiini cha zamani, na vyote vikafanya kazi pamoja bila shida.

Huyo mtu wa Juni ni mimi.

Kilichovunjika Juni hata sikikumbuki.

## Kiraka sehemu isiyotoboka

Tangazo la Desemba, CVE-2025-66516, lilitoka tarehe 4 na alama ya ukali 10.0 kamili, ya juu kabisa. Ukilisoma haraka unaweza kudhani ni tundu jipya. Siyo. Ni lilelile la Agosti, limepewa namba nyingine kwa sababu namba ya kwanza ilikuwa imelielezea kwa ufinyu. Kumbe tundu lenyewe na dawa yake vyote viko ndani ya tika-core. Moduli ya PDF ilikuwa mlango tu wa kuingilia. Aliyepandisha moduli bila kupandisha tika-core kufika 3.2.2 hajafanya kitu. Na kuna la pili, kwamba kwenye matoleo ya zamani ya mfululizo wa 1 kisomaji cha PDF kilikuwa kinakaa kwenye kifurushi chenye jina tofauti kabisa, tika-parsers, ambacho tangazo la kwanza halikukitaja.

Hilo la pili niliposoma asubuhi ile sikulitilia maanani. Nitalirudia.

Skana yetu nayo, ile inayopita kila usiku kuangalia vifurushi vyenye matatizo, ilikuwa kijani Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. Na haikudanganya. Iliulizwa kama kuna tika-parser-pdf-module ya zamani, ikasema hakuna. Iliulizwa kilekile nilichojiuliza mimi, ikapata jibu lilelile nililopata mimi, halafu mi nikaichukulia kama shahidi wa pili. Hapo ndo panaponiuma. Nilidhani nina ushahidi wa aina mbili, kumbe ni mmoja umejirudia.

## Karatasi inayoagiza

Kidogo kuhusu XXE, maana watu wengi wanaifahamu kwa jina tu, mi mwenyewe nilikuwa hivyo.

XML tangu toleo lake la kwanza la 1998 inaruhusu waraka kusema: hapa katikati chomeka yaliyomo kwenye faili fulani, au yaliyopo kwenye anwani fulani. Ni kipengele halali, kimewekwa makusudi, enzi zile lilikuwa wazo zuri tu la kuunganisha nyaraka. Shida inakuja pale anayeandika waraka ni mtu usiyemjua na anayeusoma ni seva yako, maana "faili fulani" sasa ni faili lililopo kwako, na "anwani fulani" inaitwa kutokea ndani ya nyumba yako, nyuma ya ukuta wote uliojenga. Waraka haujavunja kitu. Umeagiza, na msomaji wako mtiifu ametekeleza.

Na PDF imeingiaje hapo? Kupitia XFA, aina ya fomu ambayo ndani yake ni XML. PDF 2.0 ilipotoka 2017 ilishaiweka XFA kwenye kundi la vitu vya kuachana navyo. Watumiaji wetu sidhani kama kuna hata mmoja aliyewahi kutuma fomu ya hivyo. Lakini kisomaji cha nyaraka hakina anasa ya kuchagua, kazi yake ni kusoma kila kitu ambacho mtu yeyote aliwahi kukiweka kwenye PDF tangu dunia ianze, na kila pembe iliyosahaulika ya fomati inabaki na mlango wake.

Mkuu wetu aliuliza swali la busara tu, "Si tuzuie mafaili ya aina hiyo getini?" Nikamwambia getini tunaangalia mkia wa jina la faili, Tika inaangalia yaliyomo. Andika .jpg, andika .txt, yenyewe itachungulia baiti za mwanzo iseme hii PDF, na itaisoma kama PDF. Ni uzuri wake huo, ndo maana tunaipenda.

## Jina dogo kuliko tundu

Usiku wa Jumamosi sikulala vizuri nikaanza kukumbuka matukio ya nyuma, na nikaona hii hadithi tumeshaiona, mi nilikuwa sijaiunganisha tu.

Septemba 2023, CVE-2023-4863. Apple na Citizen Lab, maabara ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Toronto, waliripoti tundu, Google wakatoa toleo jipya la Chrome tarehe 11, na namba ilipotoka ilitajwa kuwa ya Chrome. Watu wakaapdeti vivinjari wakaendelea na maisha. Lakini tundu halikuwa la kivinjari, lilikuwa la libwebp, ile maktaba ya kusoma picha za WebP, ambayo ipo kwenye Firefox, ipo kwenye kila programu ya kompyuta iliyojengwa na Electron, ambayo ndani yake ina Chrome, ipo kwenye Pillow ya Python ambayo nusu ya dunia inaitumia kupunguza ukubwa wa picha. Google wakaja wakatoa namba ya pili kwa ajili ya maktaba yenyewe, CVE-2023-5129, kwa alama 10, ikakataliwa kwa kuwa ni tundu lilelile. Ila kwa siku kadhaa hapo katikati, mtu aliyesoma jina tu alikuwa na haki ya kudhani ameshamaliza.

Nyingine ni ya 2021, ExifTool. Hiyo ni programu ya kusoma taarifa zilizofichwa ndani ya picha, ikawa na tundu kwenye kusoma mafaili ya DjVu, fomati ambayo wengi hatujawahi hata kuifungua. Nayo inaangalia yaliyomo, haijali mkia wa jina, kwa hiyo DjVu ilivaa nguo ya .jpg ikapita. GitLab, mfumo wa kuhifadhi msimbo wa programu, walikuwa wanaitumia kusafisha picha zinazopakiwa, wakatoa kiraka Aprili 14. Mwanzoni ilieleweka kwamba mshambuliaji lazima awe na akaunti, alama 9.9. Septemba ikapandishwa kuwa 10, kumbe akaunti haihitajiki. Na Novemba Rapid7, kampuni ya usalama wa mitandao, walipoangalia kama seva 60,000 za GitLab zilizo wazi kwenye intaneti, nusu nzima zilikuwa hazijawekewa kiraka. Nusu! Zaidi ya miezi sita.

Zamani nilikuwa nikisoma habari kama hiyo nasema hawa watu wazembe. Sasa nawaza, wangapi kati yao walisoma tangazo la Aprili, wakaona "lazima awe na akaunti," wakasema akaunti kwetu wanazo wafanyakazi tu, hii isubiri, wakafunga tiketi vizuri kabisa kama mimi?

Tangazo la kwanza linaandikwa na watu walio kwenye haraka, wanaojua sehemu tu ya jambo, na wanaoogopa kusema mengi wasije wakamfundisha mshambuliaji. Ni rasimu. Mi nilikuwa nalisoma kama hukumu.

## Faili lililoita

Turudi Ijumaa.

Cha kwanza tulisimamisha usomaji, siyo upokeaji. Mafaili yanaingia, yanakaa foleni, hayasomwi. Mkuu hakufurahi ila alikubali kwa sharti la masaa manne tu. Nikatoa ule mstari wa "usiguse," nikapandisha tika-core ikawa 3.2.2, nikauchora mti mzima wa tegemezi nikaupitia mstari kwa mstari kwa macho, siyo kwa kutafuta jina. Utafutaji haukuvunjika. Chochote kilichokuwa kinavunjika Juni kilishajirekebisha chenyewe.

Nikawa tayari kufungulia foleni.

Yule dada akaniuliza, na hapa nasema ukweli nilikereka kidogo, "Tutajuaje?"

Akapendekeza tutengeneze PDF yetu wenyewe, isiyo na madhara, ambayo kazi yake ni kuagiza anwani moja tu ya seva yetu ya majaribio. Tukiipitisha kwenye mfumo na ile seva ikanyamaza, kiraka kipo. Ikiitwa, hakipo. Nikasema sawa, nikijua tunapoteza nusu saa. Tukaijaribu kwanza kwenye toleo la zamani kuhakikisha inafanya kazi, ikaita. Vizuri. Tukaipitisha kwenye mfumo mzima wenye toleo jipya.

Kimya.

Nikaanza kusimama.

Baada ya sekunde kama 20, ikaita.

Sijui nieleze vipi ile hali. Kuna baridi inaanzia shingoni. Tulidhani ni faili la jaribio la kwanza limechelewa, tukarudia. Kimya, halafu sekunde 20, ikaita. Tukaangalia imetoka kontena gani (kontena ni kama kisanduku ambamo programu moja inaendeshwa peke yake), na haikuwa ya kisomaji chetu kabisa. Ilikuwa kontena inayotengeneza muhtasari mdogo wa kila waraka kwa ajili ya ukurasa wa matokeo, kazi ya zamani iliyoandikwa na mtu aliyeshaondoka, jar moja kubwa, yaani faili la programu ya Java, ambayo kila kitu kimesagwa humo ndani. Tulipoifumua tukakuta Tika 1.28.5, na kisomaji cha PDF kikiwa ndani ya kifurushi kinachoitwa tika-parsers.

Lile la pili. Lile nililolisoma asubuhi nikasema halituhusu, sisi tuko kwenye mfululizo wa 3.

Mfululizo wa 1 ulishaachwa tangu Septemba 2022, hakuna kiraka kinachokuja, dawa ni kuhama. Tukaizima ile kontena, tukabaki bila muhtasari kwa siku tisa. Unajua malalamiko mangapi yalikuja? Mawili. Siku tisa! Kitu kilichokuwa kinatuachia mlango wazi, watu wawili tu ndo waligundua hakipo.

Na bila lile faili ningefunga tiketi kwa mara ya pili, kwa neno lilelile.

## Nilichotaka kumlaumu

Nilitaka sana kuwalaumu walioandika tangazo la Agosti, na siku mbili za mwanzo niliwalaumu kichwani kwa bidii. Walitaja moduli siyo. Lakini wao ndo waliorudi wakasema wazi kwamba maelezo ya kwanza yalikuwa na upungufu, na wakaipa namba mpya yenye alama ya juu ili mtu kama mimi aliyeshafunga tiketi aamke. Wangeweza kurekebisha ukurasa wa zamani kimyakimya na mi nisingejua mpaka leo. Kwenye mradi wetu hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuchangia kitu Tika, tunakula tu.

Nikahamia kwenye Maven. Ikanichosha hiyo pia.

Sitaki pia kuigeuza kuwa ile toba ya "kosa langu, nimejifunza." Kwa sababu hata leo nikiangalia nilichofanya Agosti, kwa taarifa nilizokuwa nazo, ilikuwa kazi ya kawaida ya mtu mwangalifu kiasi. Nilibadilisha kilichotajwa, nikajaribu, nikapeleka. Kinachonisumbua siyo ile hatua, ni lile neno. Ningeandika "nimepandisha moduli ya PDF kuwa 3.2.2" ningekuwa nimesema kweli tupu, na mtu mwingine akisoma angeweza kuuliza, na tika-core je? "Imekwisha" haiulizwi swali. Nilichokuwa nimemaliza ni kusoma tangazo.

Kitu kimoja kilituokoa, na siyo akili ya wiki ile. Seva za wingu zina ile anwani ya ndani, 169.254.169.254, ambayo mashine ikiiuliza inaweza kupewa hadi funguo za muda, na XXE inapenda sana kwenda huko. Kwetu tulishaweka lazima iombwe tokeni kwanza kwa ombi la aina tofauti, kitu ambacho waraka wa XML unaoagiza anwani kawaida hauwezi kukifanya. Ila kontena za kusoma mafaili zilikuwa na ruhusa ya kuita popote pale duniani. Kwa nini? Hazina sababu hata moja ya kutoka nje. Zinapokea faili, zinarudisha maandishi. Tulizifungia Ijumaa ileile, ilichukua dakika 20, na kwenye orodha ya "tutafanya" ilikuwa imekaa zaidi ya miaka miwili.

## Sentensi moja

Jumatatu ikabidi kuwaandikia wateja.

Rasimu yangu ilisema tulikuwa na tundu kuanzia tarehe fulani mpaka Ijumaa, tumeliziba, tumelijaribu namna hii. Mkuu akaisoma akaniambia ongeza, "Hatujaona ushahidi wowote kwamba limetumika." Nikaongeza. Ni kweli, tulipitia logi zote za mtandao za zile kontena, yaani rekodi za wapi zimeita, mstari kwa mstari na hatukuona safari yoyote ya ajabu.

Ila logi zetu tunazitunza siku 30.

Kwa hiyo tuliangalia mwezi mmoja, na tundu lilikuwa wazi kwa muda wote tuliotumia matoleo hayo, huko nyuma hata kabla ya Agosti, na kwa ile kontena ya muhtasari ni miaka. Nikamwambia mkuu tuongeze na hilo. Akasema, siyo kwa ubaya, "Ukiandika hivyo watasoma kwamba tumevamiwa." Nikasema hatujui. Akasema ndo hivyo, hatujui, na hiyo sentensi inasema hatujaona, kuna uongo gani hapo?

Hakukuwa na uongo. Nimeitafuta sehemu ya uongo kwenye ile sentensi wiki nzima sijaipata. Barua ikaenda kama alivyotaka, na chini yake jina langu.

Wengi walijibu asante. Mmoja, siku ya pili yake, alijibu kwa swali moja tu, bila hata salamu: logi mlizoangalia zinaanzia tarehe ngapi?

Nikampelekea mkuu. Akaisoma, akavuta pumzi, akasema, "Mjibu."

Nikaandika: Novemba 5.